Wiki ya saba tangu nishonwe kano ya bega, na karafuu ndiyo hizo zimeiva

KonyoKavu · Wete · Agosti 14, saa 2:40 usiku

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kwa mkono wa kushoto, mtanisamehe herufi zikipishana.

Mie mchumaji, sina kazi nyengine ya maana. Msimu uliopita nilikuwa juu ya mkarafuu, tawi nililolikanyaga likakatika. Sikuanguka, alhamdulillahi, lakini nilibaki nimening'inia kwa mkono wa kulia peke yake mpaka kijana akaniletea ngazi. Nilisikia ndani ya bega kama kanga inachanwa. Usiku ule sikulala. Toka hapo mkono ukawa haupandi, nikitaka kuvua kofia nauinua kwa mkono wa pili.

Nikachuliwa. Nikachuliwa tena. Nikapigwa sindano tatu za bega, mahali sitopataja. Miezi kumi ikenda hivyo. Mwisho nikavuka bahari, nikapigwa MRI, ile picha ya ndani ya bega, nikaambiwa kano ya juu ya bega imechanika yote na imerudi nyuma kama sentimita mbili. Mwisho wa Juni nikapasuliwa Dar kwa matundu madogo, kano ikavutwa ikarudishwa kwenye mfupa kwa nyuzi na vipigilio vidogo. Daktari akasema imekwenda vizuri.

Sasa ni wiki ya saba. Slingi, kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, nimevua wiki iliyopita kama nilivyoambiwa. Maumivu hakuna. Wallahi hakuna. Na mikarafuu mwaka huu imezaa hata majani huyaoni.

Nauliza mawili. Nikipanda taratibu, nikashikia mkono wa kushoto na wa kulia nikachumia tu, ubaya uko wapi? La pili: jirani yangu alishonwa bega mwaka juzi kano ikaachia, na namjua mwengine yake imeshika mpaka leo anavuta nyavu. Tofauti ni daktari, ni dawa, ni chakula, au ni nini?

---

MtuWaDarajani · Unguja · Agosti 14, saa 2:52 usiku

Yakhe, unataka pishi ngapi hata uliuze bega? Kaa chini.

---

Nahodha_Kojani · Agosti 14, saa 3:15 usiku

Pole mwanangu. Mie sikusoma lakini nimekula chumvi nyingi. Mkono ukifungwa wiki sita hukauka, hilo kila mtu anajua. Tafuta mafuta ya makonyo ya karafuu, yale ya Wawi, uchanganye na mafuta ya nazi, uchuliwe na mtu anayejua mishipa, asubuhi na jioni, na auvute mkono mpaka ufike juu. Utalia siku tatu, ya nne utapanda mkarafuu.

---

Salama_binti · Agosti 14, saa 3:20 usiku

Kasomewe kwanza. Mti mzima watu wanapanda kila siku, tawi likatike la kwako tu?

---

MazoeziTiba_Chake · Chake Chake · Agosti 14, saa 4:05 usiku

KonyoKavu, usipande. Naeleza sababu, maana "usipande" peke yake haijawahi kumzuia mchumaji.

Na wewe Mzee Nahodha, shikamoo, nakuheshimu sana, lakini hilo la kuuvuta mkono mpaka ufike juu wiki ya saba, tafadhali lisifanyike kwa mtu yeyote anayesoma uzi huu.

Bega lina misuli minne midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa wa mkono: mmoja mbele, mmoja juu, miwili nyuma. Kila msuli unamalizikia kwenye kano, na kano hizo zimeshikana kukizunguka kichwa cha mfupa kama ukosi wa kanzu shingoni. Kazi yao kubwa ni kukiweka kichwa hicho katikati ya kikalio chake, wakati msuli mkubwa wa nje ya bega unapouvuta mkono kwenda juu. Kano ya juu inapita mahali pembamba, chini ya paa la kombe la bega. Ndiyo inayochanika zaidi kuliko wenzake, na ndiyo yako.

(Kwetu sote hivi huitwa "mshipa". Mshipa wa damu mshipa, neva mshipa, kano mshipa, hata ngiri mshipa. Mgonjwa akinambia mshipa umekatika, humuuliza maswali kumi kabla sijajua anasema nini.)

Sasa, daktari aliposhona hakuponya, amebana. Mtazame seremala anapounga mbao mbili. Anapaka gundi, halafu anaziweka kwenye jiriwa. Ukipita ukaona mbao zimeshikana utasema kazi imekwisha, na kumbe kinachozishika ni jiriwa, gundi bado mbichi. Nyuzi na vile vipigilio ndiyo jiriwa yako. Gundi inatengenezwa na mwili wako wenyewe, nayo haina haraka na msimu.

Siku za mwanzo pale panajaa damu na uvimbe, na uvimbe huo una kazi, ndio unaoita seli za ujenzi. Kisha kwa wiki kadhaa seli hizo zinamwaga nyuzi za kolajeni changa, ndizo zinazojenga kano. Nani hapa amewahi kuwaona mama zetu wakitoa makumbi shimoni? Yakishapondwa unapata nyuzi tele, lakini ni fundo la nyuzi, hufungii ng'ombe. Mpaka zisokotwe ndipo ziwe kamba. Wewe wiki ya saba una makumbi yaliyopondwa, kusokota ndiyo kwanza kunaanza. Kolajeni changa inabadilishwa na ile nene, inapangwa kufuata upande inakovutwa, na kazi hiyo inachukua miezi mingi, mwaka hata na zaidi.

Na hata ikimalizika, kinachobaki ni kovu. Mtu anazaliwa kano yake ikiingia kwenye mfupa kwa tabaka nne: kano, gegedu laini, gegedu lililoshika chokaa, mfupa. Ndio maana inahimili mvuto bila kung'oka. Tabaka hizo hazirudi kama zilivyokuwa, lakini kovu zuri linaweza kukutumikia miaka.

Kuhusu maumivu: yameondoka kwa sababu uvimbe umeshuka. Hayajui habari za gundi. Kano nyingi zinazoachia huachia ndani ya miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, na mara nyingi mwenyewe alikuwa anajiona mzima.

---

KonyoKavu · Agosti 14, saa 4:31 usiku

Nimekufahamu mpaka kwenye makumbi, hapo umenimaliza. Lakini sikusema ntanyanyua gunia. Karafuu uzito wake nini?

---

MazoeziTiba_Chake · Agosti 14, saa 4:44 usiku

Karafuu haina uzito. Mkono wako unao. Ukiunyoosha mbele ya uso au juu ya kichwa, mkono mtupu peke yake ni mzigo wa kilo kadhaa kwenye ncha ya mti mrefu, na kano iko kwenye shina. Halafu unaongeza ngoe, unalivuta tawi, tawi linarudi. Na mguu ukiteleza, mkono gani utakaoshika? Hutochagua. Utashika ule uliozoea miaka thelathini.

---

Mama_Mwani · Paje · Agosti 15, saa 12:50 asubuhi

Nawasimulia ya mama yangu, maana amepita njia hii na sie tulifanya makosa.

Ana miaka 67, ana sukari, na kazi yake ilikuwa mwani toka mie niko skuli. Kuinama, kuvuta kamba, kubeba gunia la mwani mbichi. Bega lake halikuchanika siku moja, lilikwisha kidogo kidogo. Kashonwa, kafungwa slingi wiki sita. Kulala kulitutesha kuliko upasuaji wenyewe. Kitandani hawezi, akilala chali bega linamvuta, basi akalala kwenye kiti cha uvivu na mito mitatu, mmoja chini ya kiwiko ili kisirudi nyuma, karibu mwezi na nusu. Slingi ya spitali ilimchuna shingo. Tukamfunga kwa kanga, lakini kanga hulegea usiku, mkono ukatoka. Bora mununue slingi ya pili, moja ikifuliwa avae nyengine.

Wiki ya tano wakaja wageni kutoka Makunduchi. Mie niko sokoni. Kaona aibu wageni wale wali mkavu, kakaa juu ya mbuzi, kakuna nazi. Moja tu. Kaniambia "nazi moja mwanangu, na mkono ulikuwa chini". Mkono ulikuwa chini kweli, lakini kukuna ni kusukuma na kuzungusha, kusukuma na kuzungusha. Hakusikia maumivu makali. Mwezi wa tatu kapigwa ultrasaundi: kano imeachia nusu.

Daktari hakumlaumu nazi peke yake. Alisema sukari ilikuwa juu muda wote ule, kipimo cha miezi mitatu kilikuwa kibaya, na umri, na kano ilikuwa nyembamba toka mwanzo. Kwa hiyo sijui niseme ni nazi au ni sukari au ni miaka.

Leo anachana nywele mwenyewe na anajifunga kanga. Mwani ameacha.

---

MtotoWaMifupa · Dar (kwetu Mkoani) · Agosti 15, saa 3:10 asubuhi

Nasomea upasuaji wa mifupa, kwa hiyo nataka nijibu lile swali la pili la KonyoKavu, la jirani aliyeachia na jirani aliyeshika. Mama_Mwani amelijibu karibu lote bila kujua.

Tuanze na alichosema: umri. Wafaransa walichapisha mwaka 2005 matokeo ya wagonjwa 65 walioshonwa kano hiyohiyo ya juu kwa matundu madogo. Walipopigwa picha baadaye, asilimia 71 kano zilikuwa zimeshika kikamilifu. Lakini ukiwatazama peke yao wale waliozidi miaka 65, walioshika walikuwa asilimia 43 tu. Daktari yuleyule, nyuzi zilezile. Mzee damu inafika kidogo kwenye kano, seli ni chache, na mfupa wenyewe umekuwa laini, kipigilio kinashika kama msumari kwenye mnazi uliooza.

Ukubwa wa mchaniko. Chini ya sentimita 1 ni mdogo, 1 hadi 3 wa kati, 3 hadi 5 mkubwa, zaidi ya hapo mkubwa mno. Wako ni wa kati, hapo una bahati.

Halafu muda, na hapa ndipo watu wetu tunapojiua. Kano ikikatika, msuli wake unabaki hauna kazi. Msuli usiovutwa hunywea, na mahali pa nyama panaingia mafuta. Tunaupima kwa daraja 0 mpaka 4, kipimo alichokiweka Goutallier huko Ufaransa mwaka 1994. Daraja la 2 nyama bado ni nyingi kuliko mafuta, la 3 vimelingana, la 4 mafuta yameshinda. Mafuta yakishaingia, kushona hakuyatoi. Unaweza kuirudisha kano kwenye mfupa vizuri kabisa, ukawa umefunga kamba mpya kwa punda aliyekufa. Miezi kumi ya kuchuliwa, KonyoKavu, ndiyo iliyokula hapo. Ripoti yako inasema daraja gani?

Sukari: ikikaa juu inaifanya kolajeni iwe ngumu na dhaifu kwa pamoja, inapunguza damu kwenye mishipa midogo, inaleta usaha, na inaligandisha bega. Aliye na sukari aishushe kabla hajapasuliwa na aendelee kuishusha baada ya hapo. Hapo mgonjwa ana nguvu kuliko daktari.

Sindano. Kama hizo tatu zilikuwa steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, na mara nyingi ndizo, moja si dhambi, zinatuliza. Zikifuatana zinaidhoofisha kano, na ikipigwa ndani ya mwezi mmoja kabla ya upasuaji, hatari ya vijidudu kuingia kwenye kidonda inapanda.

---

Ami_Tambuu · Ng'ambo · Agosti 15, saa 3:40 asubuhi

Mbona hamkutaja sigara? Daktari wangu alinigomea kabisa, kasema hanipasui mpaka niache. Nikamwambia mie sivuti, natafuna tambuu. Kacheka.

---

MtotoWaMifupa · Agosti 15, saa 3:58 asubuhi

Nilikuwa nakuja huko Ami. Nikotini inaibana mishipa midogo ya damu, na moshi unaongeza gesi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kano hata kwa mtu mzima ina damu haba, ukiibana hiyo haba gundi itachanganywa na nini? Wavutaji kano zao zinaachia zaidi, na hata michaniko yao kabla ya kupasuliwa huwa mikubwa zaidi.

Tambuu: jani si tatizo la bega. Tumbaku unayotia ndani ndiyo nikotini ileile, inapita kwenye shavu badala ya pafu. Ugoro vilevile. Popoo na chokaa zina kesi yao kwa daktari wa kinywa.

---

Ami_Tambuu · Agosti 15, saa 4:02 asubuhi

Basi starehe gani imebaki.

---

KonyoKavu · Agosti 15, saa 7:25 mchana

Ripoti nimeitafuta, imeandikwa daraja la 2. Nimefurahi kama mtoto aliyepasi. Sivuti. Sukari nilipimwa, sina.

Sasa nina la aibu kidogo. Sala. Nilipokuwa na slingi nikisali juu ya kiti kwa ishara. Toka nimeivua nimerudi kusujudu, na nikiinuka najisukumia mikono miwili. Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Na kutawadha naosha mkono wa kushoto kwa huo wa kulia.

---

MazoeziTiba_Chake · Agosti 15, saa 8:10 mchana

Hakuna aibu, hili ndilo swali ninaloulizwa na wagonjwa wa Pemba kuliko yote, na karatasi za mazoezi zinazotoka nje hazilitaji.

Kusujudu kwenyewe ukishuka polepole si balaa. Kuinuka ndiko kubaya, pale kiganja kinaposukuma sakafu na mwili mzima unapita begani. Rudi kwenye kiti mpaka mtaalamu anayekushika mkono akuruhusu, sheria ya dini imemwachia mgonjwa nafasi na imamu wako atakwambia hivyohivyo. Takbira, inua wa kushoto, wa kulia ukomee kifuani. Kutawadha, kiwiko cha kulia kikae ubavuni na mkono wa kushoto uje kwenye maji. Hiyo unaweza. Kujimwagia maji kichwani kwa kata, huwezi bado. Na usijisukume kwa mkono huo unapotoka kitandani wala unapoteremka gari ya Chake.

Na hii ndiyo ramani ya jumla, mpasuaji wako ana haki ya kuibadilisha: wiki nne mpaka sita mkono umefungwa, unasogeza vidole, kifundo na kiwiko, na unauning'iniza mkono ukiwa umeinama uyumbe wenyewe kama kengele. (Zoezi hilo linabeba jina la Codman, daktari wa Boston, aliyeandika kuhusu kushona kano hizi tangu 1911.) Baada ya hapo unaanza kuuinua kwa kusaidiwa na mkono mzima au kijiti, kisha wenyewe bila mzigo. Mazoezi ya nguvu yanaanza karibu na wiki ya 12. Kazi nzito na kazi za juu ya kichwa, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita, na kwa mchumaji mie nasema wa sita, na baada ya kupimwa.

---

Nahodha_Kojani · Agosti 15, saa 2:20 usiku

Nimesoma yote, mjukuu kanisomea. Kijana wa Chake, mie sikukasirika. Lakini nijibu hili: mkono uliofungwa wiki sita si unaganda? Nimeona watu wamegandishwa mabega mpaka kanzu wanavalishwa.

Na wewe wa mifupa, hilo la kano nyembamba mie nalijua kwa nyavu. Wavu uliozeeka ukiushona kwa uzi mpya, haukatiki uzi. Unachanika wavu pembeni ya mshono. Kila ukiutia uzi mnene zaidi ndiyo unavyochanika.

---

MtotoWaMifupa · Agosti 15, saa 2:47 usiku

Mzee, shikamoo. Hilo la wavu nitalipeleka darasani, naomba ruhusa. Ndivyo kabisa zinavyoachia. Tukirudi ndani kwa mara ya pili, mara nyingi tunaukuta uzi mzima, fundo lake zima, na kipigilio kimo kwenye mfupa. Kano ndiyo iliyokatika kando ya uzi, kama jibini kwa waya. Ndio maana nyuzi zilizidi ubora miaka yote hii na bado kano zinaachia: tatizo halikuwa kwenye uzi tu.

Kuhusu kuganda una haki nusu. Wengi huganda, hasa wenye sukari. Lakini bega lililogandishwa na slingi kwa kawaida hulegea lenyewe ndani ya miezi sita mpaka kumi na mbili kwa mazoezi. Kano iliyong'oka haijirudishi. Na kuna jambo la ajabu kidogo: Australia waliwafuatilia waliopasuliwa, wakaona wale ambao mabega yao yalikuwa makavu wiki za mwanzo ndio kano zao zilishika vizuri zaidi baadaye. Mwili uliomwaga kovu jingi uligandisha na ukashikisha.

Kwa mchaniko mdogo, kuanza kusogeza mapema hakujaonesha madhara makubwa, wataalamu wanabishana mpaka leo. Kwa mchaniko mkubwa, kuwahi kusogeza kunaongeza kuachia. Kwa hiyo asiyejua ukubwa wa mchaniko asimvute mtu mkono.

---

MazoeziTiba_Chake · Agosti 15, saa 3:05 usiku

Na mafuta ya makonyo siyakatai, Mzee. Wiki hii mpakeni shingoni, mgongoni, kwenye kombe la bega, misuli ya huko inakakamaa kwa kubeba slingi. Mie mwenyewe huyatumia. Mkono usivutwe, na vidole visichimbe pale kwenye vidonda vya matundu.

---

BekariYaMwembe · Agosti 15, saa 3:30 usiku

Mie sijapasuliwa, ndiyo naandaliwa. Nikipata maumivu nnameza diklofenaki kila siku, nanunua dukani. Inazuia kano? Na kuna mtu kaniambia kuna sindano ya damu yako mwenyewe inazungushwa kwenye mashine, ukipigwa kano inashika upesi. Bei yake sasa...

---

MtotoWaMifupa · Agosti 15, saa 3:52 usiku

Diklofenaki na ndugu zake zinapunguza uvimbe, na tumeshasema uvimbe wa siku za mwanzo una kazi. Kwa wanyama wa maabara zimeonekana kuchelewesha kano kushika. Kwa binadamu majibu hayafanani: Korea mwaka 2018 waliotumia selekoksibu baada ya kushonwa kano zao ziliachia zaidi kuliko za waliopewa ibuprofeni, na zote mbili ni ndugu za diklofenaki. Kwa hiyo usijipangie mwenyewe dukani, hasa wiki za mwanzo baada ya upasuaji, mwambie mpasuaji akuchagulie. Na kumeza kila siku bila kupimwa, bega ni dogo, kuna tumbo na figo.

Hiyo sindano ya damu: imejaribiwa sana na majibu yanapingana. Mie fedha hiyo ningeila mayai na samaki, maana kolajeni inajengwa kwa protini, na nimewaona wagonjwa wanaokaa wiki sita kwa chai na mkate. Dagaa, kunde, choroko, pweza ukimpata. Hakuna chakula cha kano, kuna mwili usio na njaa.

---

KonyoKavu · Wete · Septemba 2, saa 1:15 usiku

Nimerudi kuungama. Sikupanda. Lakini wiki ya tisa, niko chini ya mti, kijana yuko juu, kaacha kikonyo kizuri kwenye tawi la chini. Nikachukua ngoe. Nikanyoosha mkono wa kulia kabla sijafikiri. Nikahisi kama moto umepita begani, nikaitupa ngoe.

Siku mbili sikulala, si kwa maumivu, kwa hofu. Nikenda Chake kwa ultrasaundi. Kano ipo, haikung'oka, kuna maji kidogo. MazoeziTiba amenigombeza mbele ya watu, na haki yake.

---

MtuWaDarajani · Septemba 2, saa 1:22 usiku

Nilisema kaa chini.

---

Mama_Mwani · Septemba 2, saa 2:40 usiku

Pole kaka. Ndiyo nazi ya mama hiyo. Mkono haukumbuki kama umeshonwa.

---

MtotoWaMifupa · Septemba 3, saa 12:30 asubuhi

Alhamdulillahi. Na kwa wale ambao zimeachia wasikate tamaa: Marekani mwaka 2004 walipima watu 18 walioshonwa michaniko mikubwa, wakakuta 17 kano zimechanika tena, na bado wengi wao maumivu yalipungua na mkono ulipanda. Mama yake Mama_Mwani hayuko peke yake. Ila nguvu haiji sawa na ya aliyeshika, na mchumaji anaishi kwa nguvu.

---

KonyoKavu · Wete · Desemba 5, saa 2:00 usiku

Naandika kwa mkono wa kulia. Mwezi wa tano umetimia na siku zake. Ultrasaundi ya wiki iliyopita: kano imeshika, nyembamba kidogo upande wa mbele. Mkono unafika juu ya kichwa, kofia navua mwenyewe. Kulala ubavu wa kulia bado. Mazoezi ya mpira wa kuvuta nafanya kila siku, na bado ni ule mwepesi kabisa, mwanangu wa skuli anaucheka.

Msimu ndio unamalizika. Shamba limechumwa na vijana kwa pishi, na kazi yangu imekuwa kuchambua. Nakaa jamvini na wanawake toka magharibi, viwiko vyangu ubavuni kama nilivyoagizwa, natenga karafuu huku, makonyo kule. Miaka yote nilikuwa nadhani kuchambua ni kazi nyepesi. Mke wangu ananishinda mara tatu.

MazoeziTiba, nna swali moja la mwisho. Taa ya msikiti wetu imekufa na ngazi ipo pale pale. Vidato vitatu tu. Nayo imo kwenye "usipande"?

---

MazoeziTiba_Chake · Desemba 5, saa 2:06 usiku

Imo.